Nyumba ya Kale Mufindi: Walitunyima Moto

Kumnyima mtu mzima moto Mufindi, kule nyanda za juu za Iringa kwenye baridi, mwezi wa saba ni ukatili. Naanza na hilo kwa sababu sifa zote za nyumba hii nitakazozitaja huko mbele, na ninazo nyingi, hazilifuti.

Tulikodi nyumba nzima, ile ya mlowezi wa zamani, ukiiacha barabara kuu ya Mbeya pale Mafinga na kuelekea mashamba ya chai. Nilikuwa na mama yangu, ambaye magoti yake yameshikwa na baridi yabisi miaka mingi sasa, na wanangu wawili. Tangazo lilisema nyumba ya kihistoria, rafiki wa mazingira. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonivuta. Watoto wamezaliwa Dar es Salaam, nilitaka waone nchi ya bibi yao kwa utulivu.

Meneja ni kijana mdogo. Alimpokea mama yangu kwa "mambo". Mama mwenye mvi, ametoka safari ndefu, anaambiwa mambo! Mama akaitikia "marahaba" taratibu, ili kijana ajue alichopaswa kusema. Kijana hakushtuka hata kidogo, akaendelea kutusomea masharti ya nyumba kwenye simu yake. Ningemjua mtu kwa salamu yake ningeondoka dakika ileile.

Haya, nyumba. Kuta ni za mawe, nene kiasi kwamba dirishani mtoto anakaa akanyoosha miguu. Sakafu ni ya mbao, imesuguliwa miaka mpaka inang'aa yenyewe. Ukifungua mlango wa nyuma unaona chai imeshuka bondeni, na siku ukungu ukiinuka unafika ukingoni mwa nyanda na kuliona bonde la Kilombero huko chini kabisa. Na karibu kila chumba kina meko ya kuotea moto na dohani yake. Hayo hayakuwekwa kwa urembo. Wajerumani waliokuja kulima chai Mufindi baada ya Vita ya Kwanza walijua wanajenga mahali pa baridi. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 walikamatwa, mashamba yao yakaangukia mikononi mwa Waingereza, na Waingereza nao waliwasha moto humohumo. Nyumba hizi zilijengwa kuzunguka moto. Ukiuzima moto, yale mawe yaliyosifiwa kwenye tangazo yanakuwa ghala la baridi, maana ukuta mnene ukishapoa haupati joto mpaka uwe umewasha kutwa nzima.

Sasa sikilizeni walichofanya. Nje ya jiko bado lipo tanuri dogo la matofali lenye pipa la maji juu yake. Zamani unachochea kuni chini, maji ya moto yanaingia bafuni. Wamelikata mabomba, wameweka sola ya kupasha maji juu ya paa. Wazo zuri, sikatai, kwa Dodoma. Mufindi kuanzia mwezi wa sita kusi inapanda kutoka bondeni, inapoa ikigonga ukingo wa nyanda, na ukungu unakaa juu ya paa asubuhi mpaka mchana, pengine kutwa. Sola itapata jua wapi? Maji yalitoka ya uvuguvugu siku moja, siku zilizofuata yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nilipouliza, meneja alijibu kwamba "mfumo unategemea hali ya hewa". Basi ungetuambia kabla hatujalipa, kaka yangu.

Taa nazo za sola. Jioni betri zilikuwa zimechoka, na nyuma ya ofisi jenereta la dizeli likaunguruma mpaka mpira ulipokwisha kwenye televisheni yao. Naomba mlikumbuke jenereta hilo.

Kuni: fungu moja kwa nyumba nzima kwa usiku. Fungu lenyewe naweza kulibeba kwa mkono mmoja. Moto wa sebuleni uliisha kabla hatujamaliza kula, na muda wote uliowaka moshi ulikuwa ukirudi ndani, watoto wanakohoa. Nikaambiwa dohani ni za zamani, ndiyo historia yenyewe. Usiku ule mama alilala na koti, soksi na blanketi zote za watoto, nao watoto wakaja kulala kwangu.

Kesho yake nikaenda Mafinga. Anayepajua Mafinga anajua kwamba kuni si tatizo. Jirani hapo kuna Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, misindano na mikaratusi mpaka macho yachoke, na kila kiwanda cha mbao kina rundo la mabanzi, yale masalia ya magogo yaliyopasuliwa mbao. Nikanunua mzigo mzuri, mkavu, nikaupakia kwenye gari.

Getini meneja akatoka mwenyewe.

"Dada, kuni za nje haziruhusiwi. Hapa tunatunza mazingira."

Nikamwambia, "Kaka, haya ni mabanzi. Mti umeshakatwa, mbao imeshauzwa. Haya yakibaki kule yanaoza au yanachomwa bure."

"Sheria ya nyumba ni fungu moja. Wageni wengine hawalalamiki."

"Wageni gani?"

"Wazungu wanakuja hapa, wanavaa sweta, wanalala."

Alisema hivyo mama yangu akiwa amekaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, anasikia. Kisha akamwamuru mlinzi, mzee wa makamo ya baba yake, ashushe mzigo. Mabanzi yangu yakabaki chini pale getini. Mama ndiye aliyenishika mkono. "Twende ndani mwanangu, tusigombane na watu kwa ajili ya kuni." Nikaenda, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na wala si kwa baridi.

Bado hilo silo lililonikasirisha kuliko yote. Jioni meneja, labda alijisikia vibaya, alituletea jiko la mkaa lililokolea, akaliweka chumbani kwa mama na kufunga madirisha. "Mkaa hauna moshi," akasema. Jamani! Hauna moshi ndiyo, una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, haamki. Nyanda za juu kusini familia zimepotea kwa jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi, kila mwenyeji ana msiba wa namna hiyo anaoujua. Nilitoa jiko lile nje mwenyewe, nikafungua madirisha yote, chumba kikawa baridi kuliko barabarani. Mtu anayepokea wageni nyumba ya baridi hajui hilo?

Na mazingira yako wapi hapo? Mabanzi ni masalia ya miti iliyopandwa ili ikatwe. Mkaa mwingi unatoka kwenye misitu ya asili, na kwa tanuri la udongo unachoma kilo tano mpaka kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo ananizuia taka za kiwanda cha mbao, ananipa miombo iliyoteketezwa, halafu anawasha dizeli aangalie mpira. Mimi napenda mazingira. Vipande vya msitu wa asili vilivyobaki kule ukingoni vina viumbe wasiopatikana kwingine duniani, na nataka wanangu wavikute. Ndiyo maana inaniuma neno hilo likitumika kumfungia mama yangu kuni.

Usiku, watu wa ofisini wameshalala, mlango ukagongwa. Ni yule mzee mlinzi, na mabanzi yangu begani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene," mama akaitikia, sauti ikabadilika kabisa.

Wakaongea Kihehe kidogo, watu wa wapi, nani mtoto wa nani. Mzee akapiga magoti mbele ya meko, akaingiza mkono juu ndani ya dohani, akavuta kitu, kikatoa mlio wa chuma. Kumbe kuna kibati kinachofunga njia ya moshi moto usipowaka! Kilikuwa kimefungwa nusu siku zote tulizokohoa, na meneja anatuambia historia. Mzee alikuwa akiwasha moto humo tangu ujana wake. Moshi ukapanda moja kwa moja, bila hata uzi mmoja kurudi ndani. Baada ya muda mawe ya mekoni yakaanza kutoa joto, na mama akavua koti kwa mara ya kwanza tangu tufike, akaanza kuwasimulia watoto habari za Kalenga na Mkwawa, mtemi wa Wahehe, jinsi alivyowapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Mkubwa wangu akauliza kama ni Wajerumani haohao waliojenga nyumba hii. Tulikaa mpaka usiku wa manane. Sijawahi kulala vizuri vile mahali pa kukodi.

Ndiyo maana nashindwa kutoa hukumu moja. Jana ningewaambia msikanyage pale. Leo nikiikumbuka sebule ile ina moto, nasema nyumba hii ni moja ya nyumba nzuri nilizowahi kuingia, na mama mpishi anapika njegere na viazi vya kwao mpaka watoto wanagombania sufuria. Nendeni mwezi wa kumi au wa kumi na moja, jua lipo, hamtahitaji ruhusa ya mtu kupata joto. Au nendeni hata mwezi wa saba, mradi mwenye nyumba amuweke yule mzee kuwa msimamizi, wafufue pipa la maji nje ya jiko na wanunue mabanzi ya kutosha. Lakini kwa uongozi uliopo sasa, na mzazi mzee? Hapana. Nimesema hapana.

Na nilikuwa karibu kuwasamehe, kweli, mpaka asubuhi ya kuondoka. Meneja aliona majivu mengi mekoni, hakuuliza kuni zilitoka wapi, akaongeza kwenye bili elfu ishirini ya "kusafisha majivu". Nililipa kwa sababu mama alikuwa garini anasubiri. Yule mzee sikumtaja na sitamtaja. Elfu ishirini yangu naidai mpaka leo, ujumbe wa mwenye nyumba unaonyesha umesomwa, jibu hakuna.