Diski ya terabaiti 4 niliyovuka nayo hadi Pemba, kompyuta ikakataa kuiona

Mie narikodi harusi, maulidi na mchezo wa ng'ombe hapa Pemba, na video zinakula nafasi vibaya. Diski zangu mbili za zamani zilikuwa zimejaa hadi juu. Mwezi wa Shaaban, harusi zikiwa zimefululiza, nikanunua diski ya ndani ya terabaiti 4 kwenye duka moja la Darajani. Nikavuka nayo mkondo wa Nungwi nimeipakata kama mtoto mchanga, nikashuka Mkoani, nikapanda gari ya Chake. Naandika haya hasa kwa mtu wa Pemba, maana yeye akiambiwa "irudishe dukani" ni nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi zimekwenda.

Usiku ule ule nikaifunga kwenye kompyuta yangu ya mezani, ya mtumba. Nikawasha, hamna kitu. Nikampigia kijana wa dukani, akasema, "Kaka, hiyo itakuwa mbovu, ilete tu tukubadilishie." Sikulala vizuri.

Asubuhi nikamfuata fundi mmoja wa hapa Chake, mtu mzima ninayemheshimu sana. Wala hakuniuliza habari za Windows. "Mwanangu, iwashe kisha iwekee kiganja. Yatetema?" Haikuwa ikitetema hata kidogo. Diski ya inchi 3.5 ina sahani zinazozunguka ndani, na mota yake inataka volti 12. Kama haizunguki, huna la kutafuta kwenye skrini. Pawasaplai yangu ni ya kizamani, ina plagi za pini nne, kwa hiyo duka liliniuzia na waya wa kugeuzia plagi hizo ziingie kwenye diski. Fundi akauchomoa, akaugeuza kwenye mwanga, akanionyesha: ule uzi wa njano, unaobeba volti 12, ulikuwa umerudi nyuma ndani ya plagi haugusi kitu. Akanipa wake kutoka kwenye boksi. Diski ikanguruma.

Bado kompyuta haikuiona. Tukaingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya kompyuta inayoamka kabla ya Windows, kwa kubonyeza F2, tukakuta tundu la pili la SATA, lile unalochomeka waya wa data wa diski, limezimwa; nadhani mwenyewe wa kwanza hakuwa na haja nalo. Tukaliwasha, jina la diski na ukubwa wake vikatokea. Hapo nikavuta pumzi, nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Laiti ningekaa naye nusu saa zaidi.

Maana nilipofungua Windows, diski haikuwemo pale zinapoorodheshwa nyingine. Hili ndilo linalowafanya watu waamini wameuziwa kitu kibovu, na sivyo. Diski mpya ya ndani mara nyingi huja tupu kabisa, haina mpangilio wala herufi. Ubonyeze kulia kwenye alama ya Windows, ufungue Disk Management, utaikuta chini imeandikwa kwamba bado haijaanzishwa. Unaianzisha, unatenga sehemu, unaifomati NTFS, muundo wa Windows wa kutunzia mafaili, inapata herufi yake. Dakika tano tu. Lakini kabla ya yote inakuuliza aina ya mpangilio wa diski: MBR, wa zamani, au GPT, mpya? Mie nikachagua MBR kwa kuwa ndilo jina nililowahi kulisikia.

Nikaanza kuhamisha harusi. Baada ya saa kadhaa nikatazama nafasi iliyobaki, nikaona jumla ya diski nzima ni terabaiti 2. Nusu ya fedha yangu haipo! MBR ni mpangilio wa tangu 1983, unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, kwa namba ya biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hesabu yake inakoma kwenye terabaiti 2. Kilichozidi kinabaki pale, kimeandikwa hakijatengwa, na hukigusi. Dawa ni GPT, lakini Disk Management haikubali kugeuza mpaka ufute sehemu zote zilizomo, yaani na kila ulichokwisha kuhamisha. Namshukuru Mungu sikuwa nimefuta nakala za kwenye diski za zamani. Usifute za zamani mpaka umefungua za huku mpya ukaziona zinacheza.

Nikageuza, nikafomati upya, ikasoma terabaiti 3.63. Huo si upungufu: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Kompyuta yangu ni ya bayosi ya zamani na GPT inafanya kazi bila taabu, kwa sababu natunzia mafaili tu. Windows yenyewe ingali kwenye diski yake ya mwanzo.

Diski nairidhia kabisa. Ni miezi minne sasa, haipigi kelele, haipati joto la kutisha hata mchana wa kaskazi, na video zote zimeingia. Duka siliridhii hivyo. Kijana aliniambia ni mbovu bila kuniuliza swali hata moja, na waya aliouza pamoja na diski haukukaguliwa. Ule waya ninao kwenye bahasha. Dada yangu anavuka Jumamosi, nitampa aufikishe pale pale dukani na awaonyeshe ulipochomoka.