New York Transit Museum, Brooklyn: mkifika msiyapite mageti ya nauli

Kwa yeyote anayeishi New York au anapita tu, hii sehemu naipa nyota tano na sababu kubwa ni moja, mageti ya nauli. Ni makumbusho ya usafiri wa umma wa jiji, iko chini ya ardhi, kona ya Boerum Place na Schermerhorn Street, ndani ya stesheni yenyewe ya zamani ya Court Street iliyofunguliwa 1936, ikafungwa 1946, halafu 1976 ikageuzwa makumbusho. Unashuka ngazi kama vile unawahi treni. Wengi wanakimbilia chini kabisa kwenye mabehewa ya zamani, na ni mazuri kweli, unaingia unakaa, watoto wanapenda sana, ila mi nawashauri muanze na mageti na msiwe na haraka.

Treni za chini ya ardhi zilivyoanza Oktoba 1904 nauli ilikuwa senti 5, unanunua tiketi ya karatasi dirishani, hatua chache mbele unaitumbukiza kwenye sanduku, mfanyakazi anavuta mkono wa chuma na meno ya ndani yanaitafuna tiketi ili isije ikatumika tena. Sisi tuliokulia kwenye daladala tunaelewa haraka kwa nini, hela ikipita mikononi mwa watu tajiri anasubiri hesabu jioni na hana uhakika nayo. Miaka ya 1920 yakaenea mageti ya sarafu, yale ya mikono ya mbao, unatumbukiza senti 5 unasukuma unapita, na nauli ikabaki hiyo hiyo mpaka 1948 ilipopanda kuwa senti 10. Hapo bado mambo shwari maana ni sarafu moja. Balaa lilikuja 1953 nauli ilipofika senti 15, sarafu ya senti 15 haipo na geti haliwezi kupokea sarafu mbili tofauti, basi ndo ikazaliwa tokeni, kisarafu maalum cha chuma unachonunua kwa ajili ya nauli tu. Iangalieni kwa karibu ile ya kwanza, ni ndogo kama sarafu yao ya senti 10, ina herufi NYC na ile Y ya katikati imetobolewa pembeni kote unaona upande wa pili.

Abiria nao hawakulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waligundua tokeni za barabara ya kulipia ya jimbo la Connecticut, zilizouzwa senti 17 na nusu, zinakubalika kwenye geti ambalo nauli yake ni senti 75, na hiyo ilisumbua miaka kadhaa. Wengine walikuwa wanaziba tundu kwa karatasi, tokeni ya mtu ikikwama wanaweka mdomo pale pale kwenye chuma wanainyonya itoke. Jamani, njaa ni kitu kingine. 1986 ikaja tokeni mpya yenye kiini cha chuma cha rangi tofauti.

MetroCard, kadi ya njano ya plastiki unayoitelezesha kwenye geti, ilianza 1994, tokeni zikaondoka 2003, OMNY, mfumo wa kulipa kwa kugusisha kadi au simu kwenye geti, ukaanza 2019, na mwisho wa 2025 wakaacha kuuza MetroCard kabisa. Wapo wanaolilia ile kadi ya njano na nawaelewa, kwa sababu ndo iliyoleta 1997 kubadilisha basi na treni bila kulipa tena, kwa mtu wa kipato cha chini anayekaa mbali na stesheni hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Lakini ili upande bila kikomo ilibidi ulipie wiki nzima kwa mkupuo, asiye na hela hiyo mkononi akawa analipa safari moja moja na mwisho wa wiki katumia zaidi ya mwenye nazo. Siku hizi OMNY inahesabu yenyewe, ukigusa kadi ile ile na ukafika kiwango cha juu ndani ya siku 7, safari zinazobaki unapanda bure. Kwangu mimi hilo ndo badiliko la maana kuliko yote tangu senti 5.

Kiingilio mtu mzima ni dola 10. Angalieni siku kabla hamjatoka nyumbani maana hawafungui kila siku, na kama mna watoto anzeni asubuhi, mtakaa masaa.