Kuhusu yule fundi wa Tingatinga tuliyemwita shuleni

Wadau wa shule, hasa nyie walimu wa msingi, kama kamati ya wazazi ina vihela na mnajiuliza Jumamosi mfanye nini na watoto, mwiteni fundi wa Tingatinga, yaani mchoraji wa zile picha za wanyama za rangi kali, awafundishe kuchora. Sisi tulimwita hapa Dar, bei mnaelewana kulingana na idadi ya watoto, hadibodi, rangi na brashi anakuja navyo mwenyewe.

Kiukweli wengi tunazichukulia zile picha kama za kuuzia watalii, simba na twiga macho kodo. Ila Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alianzia hapahapa Dar miaka ya 60 mwishoni kwa vitu vya dukani tu, hadibodi za mafundi ujenzi na rangi ya mafuta, chuo cha sanaa hakukanyaga, na mpaka anafariki 1972 alikuwa keshawafundisha ndugu zake kadhaa wanaomsaidia. Fundi alianza na hiyo stori, watoto wote wakakaa mkao wa kula.

Sasa kilichonifurahisha ni hiki. Walimu tulishajipanga ukutani na fimbo zetu za macho kama tunasimamia mtihani, jamaa akasema hapana walimu wangu shikamooni lakini naomba mkae chini na nyie, kila mmoja na kibao chake. Aisee! Ticha wa hesabu, mtu mzima na tai yake, kakaa mkekani na darasa la tatu anauliza "fundi, samaki nimpake rangi gani?" Fundi anamjibu "mwalimu, wewe unamtaka wa rangi gani?" Akakwama kabisa, na mtoto wa pembeni yake keshamaliza samaki wa pinki mwenye madoa ya kijani. Hapo ndo niliona tunavyowafundishaga sanaa, tunachora kikombe ubaoni halafu watoto sitini wanakopi kikombe kilekile na anayekipatia ndo anapata tiki.

Utaratibu wake mzuri, vibao vinakuja vimeshapakwa rangi ya chini nyumbani kwake kwa sababu rangi ya mafuta inachelewa kukauka, ukisema mpake palepale mtakesha. Watoto wanachora mnyama kwa chaki ya ubao, wanajaza rangi, mwisho madoa, na madoa anawafundisha kwa njiti ya kiberiti, unachovya kichwa cha njiti unagusa unaachia, ukiburuza tu limeharibika. Ukikosea unafuta na kitambaa rangi ikiwa bado mbichi. Nilichomkubali zaidi hashiki brashi ya mtoto hata mara moja, mikono ameiweka nyuma, anaelekeza kwa mdomo.

Kasoro zipo. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, inanuka balaa, sisi tulianzia darasani watoto wakaanza kukohoa ikabidi tuhamie chini ya mwembe, kwa hiyo nyie anzieni nje kabisa na wadogo wasiguse ile chupa. Aproni hana, waambieni wazazi mapema watoto waje na mashati makuukuu maana rangi ile haitoki kwa sabuni, kuna mama alinipigia simu jioni sitaki hata kukumbuka. Halafu kachelewa kufika, akasingizia foleni, Dar hii nani atabisha.

Nampa nne kwa tano. Ticha wa sayansi Jumatatu yake tu kawapa watoto maboksi na visoda watengeneze mzunguko wa maji wenyewe, zamani angeuchora ubaoni akaondoka. Huyo peke yake karudisha hela yetu.

Ah na jambo moja, msiwaruhusu watoto waondoke na picha siku hiyohiyo. Zilazeni stoo siku mbili tatu zikauke vizuri, moja moja msizipange, sisi zilibebanishwa kwenye kipanya sasa kuna tembo kaganda na kuku wa watu na wenyewe wawili hawajakubaliana mpaka leo kibao ni cha nani.