Luxor au Tiya: makaburi ya kale kwa msafiri wa Dodoma

Mkazi wa Dodoma aliyekwisha kuiona michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, na sasa anataka kuvuka mipaka kutazama mawe na makaburi ya kale, anaweza kuchagua kati ya Luxor nchini Misri na Tiya, kusini mwa Addis Ababa, Ethiopia.

Luxor inashinda kwa ukubwa. Sanamu mbili za Memnon, zinazomwonyesha Farao Amenhotep III akiwa ameketi, zina kimo cha takriban mita 18, na katika Bonde la Wafalme yamo makaburi zaidi ya 60, likiwemo la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, ambamo maiti yake iliyokaushwa ingalimo. Kero ni umati, pamoja na joto la Julai, ambalo hata aliyezoea jua la Dodoma atalilalamikia.

Tiya ni kiwanja kidogo cha majani. Hapo yamesimama mawe 36, mengi yakiwa yamechongwa panga ambazo mgeni anaweza kuzihesabu kwa utulivu, moja baada ya nyingine. Mimi ningeanza na Tiya, kwa kuwa safari ya Cairo inaweza kupitia Addis Ababa.