Katheta isiyogandisha damu: heparini au utando wa maji?

Damu ikigusa plastiki ya katheta, yaani mrija unaoingizwa mshipani, protini za damu hujibandika kwanza, hasa fibrinojeni. Chembe sahani, yaani chembe ndogo za kugandisha damu, hufuata, na bonge huanza.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikifungwa juu ya plastiki hushika antithrombini, protini ya damu yenyewe, na kuichochea izime thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu. Njia hii ni kongwe: Vincent Gott na wenzake waliishikiza heparini juu ya grafiti miaka ya 1960. Lakini ikishikizwa kwa ulegevu huchujuka, na wagonjwa wachache hupata mmenyuko wa kinga unaopunguza chembe sahani huku damu ikizidi kuganda. Hao wasiwekewe kabisa katheta yenye heparini. Tena heparini nyingi hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema.

Njia ya pili, polima za zwitaioni, haitumii dawa. Polima hizi zina chaji chanya na hasi pamoja, nazo hushikilia utando wa maji kwa nguvu, protini ikakosa pa kujibandika. Ila mkwaruzo huacha plastiki wazi, na bonge likishaanza, polima haina la kufanya.

Kwa katheta ya kusafishia damu inayokaa wiki nyingi, ningechagua polima, mradi imeunganishwa kikemia, si kupakwa tu.