Boti ya matanga iliyotumika: kabla ya kusifia jiko, fungua kabati

Malalamiko ninayopokea kwa wasomaji yanafanana mno. Mtu amenunua boti ya matanga ya miaka ya 1980, amelipa, amepaka rangi ya chini, ameshaibadilisha jina. Siku moja anafungua kabati kutafuta maji yanavuja wapi, anakuta chuma kilichoshikilia mlingoti kimelika nusu. Tangazo lilisema "rigi mpya". Na kweli waya za kushikilia mlingoti zilikuwa mpya. Kile kilichozishika waya kilikuwa na umri uleule wa boti.

Kwa hiyo vitanda, friji na choo sitavigusa. Hayo utayaona mwenyewe, na dalali atahakikisha unayaona. Nazungumzia boti za futi 30 hadi 37, za faiba, za kwenda mbali, na nazipanga kwanza kwa jambo ambalo karibu hakuna tangazo linalolitaja: mabamba ya kushikia waya za mlingoti.

Bamba hilo ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye ubavu wa boti au kwenye ukuta wa ndani. Katika boti nyingi hupenya sitaha kupitia tundu jembamba, na juu yake ndipo waya hufungwa. Boti ikilala kwa upepo, mabamba ya upande unakotoka upepo ndiyo yanayobeba mzigo wa mlingoti na matanga. Likikatika moja, mlingoti unaweza kwenda wote.

Mengi yametengenezwa kwa stenlesi, na hapo ndipo watu hujipa moyo bure. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina utando mwembamba wa oksidi ya kromi, na utando huo unahitaji hewa ili ujijenge upya. Ndani ya tundu la sitaha hakuna hewa. Kuna maji ya chumvi yaliyotuama, yameingia polepole baada ya gundi ya kuziba kuchoka. Chuma huliwa hapo hapo, katika unene wa sitaha, wakati juu kinang'aa na chini kinang'aa. Unaweza kukiangalia kila siku kwa miaka usione kitu.

Dalili zipo ukizitafuta. Michirizi ya rangi ya chai inayoshuka kutoka kwenye tundu. Plaiwudi iliyogeuka nyeusi kuzunguka bolti. Sitaha inayotoa sauti ya kufa ukiigonga kwa mpini wa bisibisi karibu na bamba, maana yake balsa au mbao iliyo ndani imelowa. Lakini jibu la uhakika ni moja tu: toa bamba lenyewe, lisafishe, lipake rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa. Ukikuta ufa kwenye moja, badilisha yote. Fundi wa chuma anaweza kukuchongea mapya kwa stenlesi ya daraja la 316, na mwenye fedha zaidi huenda kwenye titani.

Sasa boti zenyewe, na sifichi upendeleo wangu.

Ya kwanza ni Pacific Seacraft 37, iliyochorwa na Bill Crealock, na mdogo wake wa futi 34 hana aibu. Mabamba yake yamefungwa nje ya ubavu, wazi, yanapigwa na hewa na kuoshwa na mvua. Hayapenyi sitaha. Ukitaka kuyakagua, unashika tochi na kuzunguka boti. Kwangu mimi hilo peke yake lingetosha, ila boti hii pia inajua kusafiri. Ina uzito wa tani 7 na ushee, zaidi ya theluthi yake ikiwa farumi, yaani uzito wa chini unaoizuia isipinduke; shetri (nyuma) imechongoka kama omo (mbele), na usukani unalindwa na pezi lililo mbele yake. Urefu wake kwenye mstari wa maji ni futi 27 na inchi 9, na kwa kanuni ya kawaida (kipeuo cha pili cha urefu huo mara 1.34) kasi ya mwili wake, yaani kikomo cha mwendo wake majini, ni takriban maili 7 za baharini kwa saa. Hubisha, yaani hukata kuelekea unakotoka upepo, vizuri kuliko umbo lake linavyoahidi, na haimchoshi nahodha. Ndani ni nyembamba ukilinganisha na boti za kisasa za urefu huo. Sijali, na wewe usijali. Ukiwa baharini unataka mahali pa kujishikilia, hutaki ukumbi.

Ya pili ni Contessa 32, kazi ya David Sadler na Jeremy Rogers wa Uingereza. Katika mbio za boti za matanga za Fastnet za 1979, dhoruba iliyoua washindani 15, boti ya Contessa 32 iitwayo Assent ndiyo pekee iliyomaliza katika daraja la boti ndogo kuliko zote. Karibu nusu ya uzito wake ni farumi. Inakwenda mbisho kwa raha ambayo boti nyingi kubwa hazina. Gharama yake ni kwamba inalowesha watu, na mtu mrefu ataishi ameinama.

Ya tatu, Westsail 32. Hii nayo ina mabamba ya nje, na kwa uimara ingeshika nafasi ya juu zaidi. Katika dhoruba ya Oktoba 1991 pwani ya mashariki ya Marekani, Westsail 32 iitwayo Satori iliachwa na watu wake baharini, kisha ikakutwa ufukweni ikiwa nzima. Shida ni mwendo. Urefu wake majini unakaribiana sana na ule wa Pacific Seacraft 37, hivyo kanuni inazipa kasi moja, lakini Westsail ina karibu tani 9 na mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu wa kale. Upepo ukiwa mwepesi, utawasha injini. Basi kagua injini.

Nne ni Hallberg-Rassy za zamani, Rasmus 35 na 352. Useremala wa Kiswidi na kioo cha mbele kinachomkinga nahodha. Wengi huzipenda kwa hayo. Mimi naanzia sitahani. Nyingi zina sitaha ya msaji iliyofungwa kwa skrubu, na kila skrubu ni tundu. Msaji ukishaisha unene, vifuniko vya skrubu hung'oka, maji yakaingia. Muuzaji atakuonyesha msaji huohuo kama sababu ya kukuongezea bei. Wewe uhesabu kama sababu ya kuipunguza.

Island Packet za miaka ya 1980 na 1990 naziweka chini, na najua nitachukiwa. Ni boti za starehe, tulivu, zenye nafasi. Lakini mabamba yake yamefunikwa ndani ya faiba nyuma ya makabati. Huwezi kuyatoa kuyakagua bila kukata. Ukiona moja, uliza kama kazi hiyo imeshafanyika, udai picha na risiti. Kama haijafanyika, gharama yake ni ya muuzaji.

Za bei nafuu? Catalina 30 zipo tele, zaidi ya 6,000 zilitengenezwa. Angalia mpasuko mbele, pale mkuku unapokutana na mwili. Wenyewe huuita tabasamu. Kwa safari za pwani inatosha.

Na kwa boti yoyote yenye mkuku uliofungwa kwa bolti, uliza imewahi kugonga mwamba au mchanga mara ngapi na nani aliikarabati. Mei 2014 Beneteau First 40.7 iitwayo Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku katika Atlantiki, ikitoka Antigua kwenda Southampton, na mabaharia 4 wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walitaja kugonga chini na matengenezo ya hapo awali kama mambo yaliyowezekana kuidhoofisha.

Kuhusu bei, nina kinyongo. Wauzaji wanajumlisha kila walichowahi kununua: rada ambayo vipuri vyake havipatikani, ramani ya kielektroniki ya kizazi kilichopita, matanga "katika hali nzuri" yaliyolegea kama shuka. Wanaandika "tayari kuzunguka dunia" juu ya boti ambayo haijatoka gatini. Dalali mmoja alinikatalia kufungua skrubu chache za kabati, eti mkaguzi ameshapita. Niliisoma ripoti ya huyo mkaguzi. Ukurasa wa mwisho ulisema sehemu zisizofikika hazikukaguliwa, na mabamba yote yalikuwa nyuma ya kabati.

Hivyo kabla ya kutoa amana, andika kwenye makubaliano kwamba utatoa bamba moja kila upande, mbele ya muuzaji, kwa gharama yako, na kulirudisha na gundi mpya. Anza na yale ya waya za chini za nyuma, mara nyingi hakuna aliyeyagusa.