Uzoefu wangu: fundi wayaringi wa Pasua, Moshi, na Hilux iliyokuwa inamaliza betri

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, na ndiyo inayonishushia ndizi kutoka Marangu hadi soko la Mbuyuni. Kwa miezi minne ilinitesa. Nikiipaki Jumamosi jioni, Jumatatu alfajiri haiwaki. Stata inagonga mara moja, kimya. Vijana wanaisukuma mpaka ishike mteremkoni, nikifika sokoni wateja wangu wameshanunua kwa mwenzangu. Tena usiku nikikanyaga breki, taa za nyuma zilikuwa zinafifia badala ya kuongezeka, na indiketa inapepesa ovyo.

Gereji ya kwanza waliniuzia betri mpya. Wiki tatu baadaye wakasema alteneta, ile inayochaji betri, imechoka, wakanifungia nyingine ya mtumba. Zaidi ya laki nne zikaondoka na ugonjwa ukabaki palepale. Fundi wao alikuwa na tesa ya taa tu: anagusa waya, taa ikiwaka anasema umeme upo.

Dereva mmoja wa Noah pale Himo akanielekeza kwa kijana wa Pasua. Baada ya shikamoo, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mama, vilivyobadilishwa tuviache kwanza. Niambie gari linafanya nini, na linafanya saa ngapi." Nikamweleza yote, akaandika kwenye daftari.

Akatoa multimita, kile kipimo cha umeme kinachoonyesha namba. Gari likiwa limezimwa, betri ilisoma volti 12.6. Likiunguruma, 14.2. "Hii inachaji vizuri," akasema. Akaniuliza ile alteneta ya zamani iko wapi. Niliiacha kule kule gereji, na iliniuma.

Kisha akachomoa ufunguo, akabana swichi ya mlango kwa tepu ili taa ya ndani isimdanganye, akafungua kichwa cha hasi cha betri na kupitisha umeme kwenye mita. Gari limelala kabisa, lakini mita inaonyesha ampea 0.9! Akanieleza kwamba gari la zamani kama hili likilala halitakiwi kula hata 0.05. Nikapiga hesabu mwenyewe: tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri ni zaidi ya saa 30, betri ya ampea-saa 70 inakaribia kupoteza nusu, na injini ya dizeli haitaki stata dhaifu.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mimi nimeshika mita namsomea. Alipotoa ya redio na taa ya ndani, namba ikaanguka hadi 0.02. Akairudisha, akachomoa redio: bado 0.9. Basi akalala chali chini ya usukani na tochi mdomoni. Alitoka na kiboksi cheusi cha alamu aliyofunga mwenye gari wa kwanza, ambayo sijawahi kuisikia ikilia hata siku moja. Waya zake zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kufungwa solotepu ya kawaida, ile ya karatasi za shule. Akanipa nikishike. Kilikuwa cha moto, kama kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi. Betri yangu ilikuwa inapasha moto boksi lililokufa, usiku na mchana.

Taa za nyuma alizipima nikiwa nimekanyaga breki: ncha moja ya mita kwenye ethi ya taa, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chasisi, nyingine kwenye hasi ya betri. Ilitakiwa isome karibu na sifuri; ilisoma volti 3.8. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini tesa ya taa haitoshi. Waya uliobakiza nyuzi mbili unawasha kitaa kidogo bila shida, ukiupa mzigo wa balbu za breki unashindwa. Boliti ya ethi kwenye chasisi ilikuwa imeliwa na kutu na tope la barabara zetu. Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga kichwa kipya cha waya, akapaka grisi. Mita ikasoma 0.05 na taa zikakaa sawa.

Alikuta pia fyuzi moja imefungwa waya wa shaba juu yake. Fyuzi ya hivyo haikati tena umeme ukizidi; huo ni moto unaosubiri siku yake, na nawaomba wenye magari ya zamani mfungue kifuniko cha fyuzi leo mwangalie.

Nililipa elfu 45, ufundi na vifaa. Malalamiko ninayo: aliniahidi nusu siku, ikawa siku moja na nusu, na risiti hakunipa mpaka nilipoidai. Kivuli hakuna, beba mwavuli.

Sasa ni wiki ya sita. Jumatatu saa kumi alfajiri nazungusha ufunguo mara moja tu na injini inashika. Honi bado inakata kata nikikata kona kulia. Nitampelekea Jumatano, soko likiisha.